Kizunguzungu cha Toleo la Kwanza

Vertigo maana yake kizunguzungu. Mfanyabiashara gani mwenye akili zake timamu anatundika jina kama hilo mlangoni pake? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mwa mwaka 1993 kampuni ya DC ya New York, ile ile ya Superman na Batman, ilichukua majarida yake machache ya katuni yaliyokuwa yakiandikwa kwa ajili ya watu wazima, ikayawekea tawi lake la pekee, ikalipa tawi hilo jina la kuyumbisha kichwa. Tangu hapo hadi Januari 2020, ukiliona neno Vertigo juu ya jalada ulijua: hapa mtoto haingii.

Wenzangu wa kalamu, sikuja kuwasimulia habari za damu na matusi. Najua mtu akisikia katuni za watu wazima akili inakimbilia huko huko. Vilikuwemo, tena vya kutosha, sibishi. Ila ukiviondoa vyote hivyo kinabaki kitu kikubwa zaidi, na hicho ndicho nataka tukizungumze hapa kijiweni petu. Vertigo ilizoesha watu kwamba hadithi ya mfululizo inaruhusiwa kuwa na mwisho. Na mwisho huo, jamani, haupatikani bure. Unalipiwa mapema, na msomaji anayenunua toleo la kwanza bila kujua kama la kumi litatoka.

Mimi majarida haya niliyapata kwa mtindo wa mjini, yaani chini, kwenye turubai la muuza vitabu vya mitumba, katikati ya kitabu cha mapishi na mwongozo wa kutengeneza trekta. Leo unapata toleo la 4, mwezi ujao unapata la 19, la 5 hulipati mpaka unaota mvi. Kusoma namna hiyo kuna uchungu wake, lakini kuna elimu pia. Unajifunza kutofautisha hadithi inayokwenda mahali na hadithi inayozunguka tu kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Kwenye katuni za mashujaa, toleo la 4 na la 19 ni mtu yule yule, kofia ile ile, adui amefungwa na kesho atatoroka. Kwenye za Vertigo, ukiruka matoleo kumi na tano unamkuta mtu amezeeka, amefiwa, amebadili msimamo. Nikajiuliza: nani aliwapa hawa ruhusa?

Haya, turudi nyuma kidogo, maana ruhusa hiyo ilikuwa imenyang'anywa.

Mwaka 1954 daktari mmoja wa akili, Fredric Wertham, alitoa kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto wa Marekani na kuwafanya wahalifu. Mwaka huo huo kamati ndogo ya Seneti ikakaa New York kusikiliza kesi hiyo, na mchapishaji William Gaines, aliyekuwa bingwa wa katuni za kutisha, akahojiwa mbele ya taifa zima. Wachapishaji wakaogopa kwamba serikali itawafungia. Kabla hawajafungiwa, wakajifunga wenyewe. Wakaunda chombo chao cha kukagua kurasa, wakatunga kanuni, na jarida lililofaulu likapigwa muhuri mdogo kwenye kona ya jalada.

Hizo kanuni zenyewe zilikuwa kiboko. Polisi, hakimu na mkuu wa serikali wasichorwe kwa namna ya kuwavunjia heshima. Wema lazima uushinde ubaya kila mara na mhalifu aadhibiwe. Mizimu inayokula watu, wafu wanaotembea, wanyonya damu, marufuku. Hata neno la kutisha halikuruhusiwa kwenye jina la jarida. Sasa hebu wewe unayejifunza kuandika niambie: ukishajua kabla ya ukurasa wa kwanza kwamba wema utashinda na polisi ni malaika, utaandika nini? Wasambazaji hawakutaka kugusa jarida lisilo na muhuri, kwa hiyo kanuni hizo, ingawa hazikuwa sheria ya nchi, zilikata kama sheria. Katuni ya Marekani ikabaki utotoni kwa miaka thelathini, na watu wakadhani utoto ndiyo asili yake.

Aliyeufungua mlango alikuwa Mwingereza mmoja wa mji wa Northampton, Alan Moore. Mwaka 1984 alikabidhiwa jarida lililokuwa linakata roho, Swamp Thing, habari za zimwi la kinamasi. Kwa miaka kumi na zaidi wasomaji walikuwa wameambiwa kwamba zimwi hilo ni mwanasayansi aliyegeuka majani, na kwamba siku moja huenda akarudi kuwa mtu. Moore, katika toleo la 21, akaupindua mkeka wote. Kumbe mwanasayansi alikufa siku ile ile ya ajali. Kilichokuwa kinatembea ni mimea iliyonyonya kumbukumbu zake na kujidhania kuwa mtu. Hakuna pa kurudi. Msomaji aliyekuwa akingoja miaka yote hiyo aliambiwa kwamba alichokingoja hakikuwahi kuwepo, na hapo ndipo hadithi ilipoanza kweli.

Toleo la 29, la mwaka huo huo, lilipopelekwa kukaguliwa likanyimwa muhuri. DC wakalichapa hivyo hivyo, na baada ya muda mfupi Swamp Thing ikaacha kabisa kuomba muhuri. Mbingu haikuanguka. Jarida likazidi kuuzika.

Mhariri aliyesimama nyuma ya kazi hiyo ni mama mmoja ambaye jina lake halipo kwenye vinywa vya vijana wengi wanaojiita wapenzi wa katuni: Karen Berger. Aliingia DC mwaka 1979, ametoka chuoni Brooklyn alikosomea fasihi ya Kiingereza na historia ya sanaa, na hakukulia kwenye katuni. Naamini hilo ndilo lililomsaidia. Aliyekulia kwenye katuni huuliza kama Superman anaweza kumpiga fulani. Yeye aliuliza kama hadithi ni nzuri. Mwaka 1987 alikwenda London pamoja na wakubwa wake kutafuta waandishi, akarudi na kundi la vijana waliokuwa na njaa. Grant Morrison wa Scotland akapewa Animal Man. Peter Milligan baadaye akapewa Shade. Neil Gaiman akapewa jina la shujaa wa zamani aliyesahaulika, Sandman, akaambiwa afanye alitakalo nalo. Jamie Delano naye akaanza Hellblazer mwaka 1988, habari za mganga mjanja wa Liverpool, John Constantine, mvuta sigara, asiye na nguvu yoyote isipokuwa mdomo wake na uwezo wa kuwaponza marafiki.

Angalieni jambo hilo vizuri. Hao vijana hawakupewa wahusika wakubwa. Walipewa takataka za stoo, wahusika ambao hakuna mtu angelia wakiharibika. Uhuru wao ulitokana na kutojaliwa. Ninyi mnaolalamika kwamba magazeti makubwa hayataki kazi zenu, likumbukeni hilo.

Kwa hiyo Vertigo ilipozinduliwa mwaka 1993 haikuanza na mikono mitupu. Majarida sita yalikuwa tayari yanatembea: Swamp Thing, Hellblazer, The Sandman, Animal Man, Doom Patrol na Shade. Juu ya hayo ikaongezwa mipya. Mmojawapo, Enigma, wa Milligan na mchoraji Duncan Fegredo, una historia ya kuchekesha. Ulikuwa umeandaliwa kwa ajili ya tawi la katuni za watu wazima la Disney, ndiyo, ile ile ya Mickey Mouse, tawi ambalo halikuzaliwa kamwe. Mtoto akakosa nyumba, Vertigo wakamchukua. Ulikuwa na matoleo 8 tu, mwanzo mpaka mwisho, na mpaka leo kuna watu wanaoapa kwamba ndiyo kazi bora kuliko zote za tawi lile.

Halafu likaja jambo lililobadili kila kitu. Mwaka 1996 The Sandman ikafika toleo la 75 ikafungwa. Haikufungwa kwa kukosa wanunuzi. Ilikuwa inauzika vizuri sana, na hadithi yake moja ilishakuwa imepata tuzo ya dunia ya fasihi ya fantasia mwaka 1991. Ilifungwa kwa sababu mwandishi alikuwa amefika mwisho wa hadithi yake. Katika biashara ile mhusika ni mali ya kampuni. Mwandishi akichoka anaitwa mwingine, kama dereva wa daladala anayemwachia deiwaka usukani, na gari linaendelea. Hapa kampuni ilikubali kuzima gari lililojaa abiria. Bwana wee!

Tangu hapo mwisho ukawa desturi ya nyumba. Preacher, ya Garth Ennis na Steve Dillon, matoleo 66, kuanzia 1995 hadi 2000. Transmetropolitan, habari za mwandishi wa habari kichaa katika mji wa siku zijazo, matoleo 60. Y: The Last Man, ya Brian K. Vaughan na Pia Guerra, matoleo 60, kuanzia 2002 hadi 2008. 100 Bullets, ya Brian Azzarello na Eduardo Risso wa Argentina, ilianza 1999 ikaisha 2009 kwenye toleo la 100 kamili, kama ilivyojiahidi kwenye jina lake. Na mingi ya mifululizo hii haikuwa tena takataka za stoo. Ilibuniwa upya na wenyewe, na jina la mwandishi na mchoraji lilisimama kwenye haki za kazi, si la kampuni peke yake.

Sasa nafika kwenye kiini, kwa sababu ukisoma orodha hiyo unaweza kudhani kila kilichoanzishwa kilifika. Aa wapi! Kwa kila mfululizo uliofika toleo la 60 kulikuwa na mingine iliyoanguka njiani. Outlaw Nation, 19. Young Liars, 18. Air, 24. Ili uelewe kwa nini, inabidi ujue duka la katuni la Marekani linavyofanya kazi.

Tangu miaka ya 1970 biashara hiyo iliondoka polepole kwenye vibanda vya magazeti ikahamia kwenye maduka maalumu. Kibandani, gazeti lisilouzwa hurudishwa kwa msambazaji. Kwenye duka maalumu hakuna kurudisha. Mwenye duka anapewa punguzo la bei, lakini nakala aliyoagiza ni yake hata ikiota ukungu. Tena anaagiza karibu miezi miwili kabla jarida halijatoka. Maana yake ni kwamba wakati wewe unafungua toleo la kwanza na kusema, lo, hii bab kubwa, maagizo ya la pili, na pengine la tatu, yameshakwenda. Mwenye duka ambaye hajaona dalili yoyote ameshapunguza idadi. Hadithi mpya inapimwa uzito kabla haijatamka neno.

Wasomaji nao walikuwa na ujanja wao. Kwa kuwa Vertigo ilikuwa na sifa ya kukusanya matoleo na kuyafanya kitabu, wengi wakasema: mimi sinunui moja moja, nitangoja kitabu. Ni akili, siyo? Kitabu kina bei nafuu, hakina matangazo, kinakaa vizuri rafuni. Lakini kila aliyengoja kitabu alihesabiwa kama mtu asiyekuwepo. Mfululizo ukafungwa kwenye toleo la 18 huku wapenzi wake wakiwa wamekaa kwao wanangoja kuununua. Vertigo wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2009 walipoanzisha The Unwritten, toleo la kwanza waliliuza kwa dola 1 tu, ili mtu akose kisingizio. Nao ulidumu.

Kuna mfululizo mmoja katika hiyo iliyoanguka mapema ambao unatuhusu sisi wa upande huu wa dunia. Unaitwa Unknown Soldier, Askari Asiyejulikana. Zamani, tangu 1966, huyo alikuwa shujaa wa DC wa Vita Kuu ya Pili, mtu aliyefungwa bendeji uso mzima. Mwaka 2008 mwandishi Joshua Dysart na mchoraji Mwitaliano Alberto Ponticelli walimfufua, wakamfanya Mganda. Jina lake Moses Lwanga, daktari aliyekimbia na wazazi wake akiwa mtoto enzi za Idi Amin, akakulia Marekani, akarudi na mke wake Sera kuwatibu watu. Hadithi inaanza mwaka 2002, nchi ya Waacholi, wakati jeshi la Joseph Kony linateka watoto na kuwafanya askari, na watoto wa vijijini wanatembea jioni kwenda kulala mjini Gulu ili wasichukuliwe usiku. Daktari huyo, mtu wa amani kwa maneno na kwa moyo, anajikuta ameshika bunduki, na mikono yake inaijua kazi hiyo kuliko alivyotarajia. Anauchanachana uso wake mwenyewe. Bendeji zile za zamani zinapata sababu mpya.

Dysart hakuitunga Uganda ile kutoka kwenye sinema. Alisafiri kwenda kaskazini kabla ya kuandika, na inaonekana. Kambi za wakimbizi zimechorwa kama kambi, si kama pori la Tarzan. Toleo moja zima linafuata maisha ya bunduki moja inavyopita mkono hadi mkono, na ukilimaliza unakaa kimya kidogo.

Ninayo maswali yangu, siyafichi. Ile dhana kwamba jibu la Afrika linakuja na mtu mmoja mwenye bunduki na uso uliofunikwa ni ya Hollywood, hata kama mwandishi anaipiga vita kutoka ndani. Na ni kweli pia kwamba aliyeandika na aliyechora wote walitoka mbali. Lakini kabla ya hapo ni katuni gani ya kampuni kubwa ya Marekani ilishawahi kumpa daktari wa Kiganda nafasi ya kuwa na mke, imani, wasiwasi na hatia kwa matoleo 25? Maana hapo ndipo ilipofungwa, mwaka 2010. Toleo la 25 lina mwisho wa kweli, ila ni mwisho wa mtu anayeharakishwa kumaliza chakula kwa kuwa mwenye hoteli anafunga.

Na kilichoniuma si kufungwa. Ni namna kura zilivyopigwa. Hadithi ya Gulu ilihesabiwa kwenye maduka ya Chicago na Los Angeles. Sisi ambao majina ya mahali pale tunayasoma bila kujiuma ulimi hatukuwemo kwenye hesabu, kwa sababu hatukuwa na duka la kuagizia. Nakala zilitufikia zikiwa mitumba, miaka imepita, mfululizo umeshazikwa. Msomaji aliyeihitaji zaidi hadithi ile hakuwa na njia ya kuiokoa.

Mwisho wa Vertigo yenyewe ulikuja taratibu. Waandishi waliozaliwa pale walianza kupeleka kazi mpya Image, kampuni inayomwachia mtunzi haki zake. Vaughan huyo huyo alianzisha Saga huko mwaka 2012. Mwanzoni mwa 2013 Hellblazer ikafungwa kwenye toleo la 300, na Constantine akahamishiwa kwa mashujaa wa kawaida wa DC. Mwaka huo huo Karen Berger akaondoka, akaja kuanzisha tawi lenye jina lake kwa mchapishaji Dark Horse. Nembo ilibaki, mwenye jicho hayupo. Mwaka 2019 DC wakatangaza kwamba jina litaondolewa, na Januari 2020 likaondoka.

Lakini duniani hakuna kisichorudi. Mwaka 2024 DC walitangaza kulirudisha jina la Vertigo, pamoja na hadithi mpya za watu wazima. Washkaji wangu wakaniuliza: je, itakuwa kama zamani? Mimi nawajibu kwamba swali hilo tunalielekeza kwa mtu asiye na jibu. Jina haliandiki. Ile ya zamani ilisimama kwa miguu mitatu: mhariri aliyeuliza kama hadithi ni nzuri, mwandishi aliyejua hadithi yake inakwenda wapi, na mtu dukani aliyesema niwekee la kwanza, halafu akarudi kuchukua la pili. Miguu miwili ya mwanzo huandikwa sana kwenye historia. Wa tatu hatajwi, kwa kuwa hana jina, na wakati mwingine alikuwa na pesa ya jarida moja tu kwa mwezi.

Nawaandikia ninyi hili kwa sababu jarida mnalolishika sasa hivi linaishi kwa mguu huo huo wa tatu. Kila mmoja wetu ana hadithi ya mfululizo kichwani, sehemu ya kwanza mpaka ya ishirini, na anataka ichapwe. Vizuri. Je, unajua inaishaje? Ya mwenzako iliyotoka toleo lililopita uliisoma? Ulimwambia yeyote? Au na wewe unangoja kitabu?

Kwenye rafu yangu Unknown Soldier ina nafasi tano wazi, na kila nikipita penye turubai la mitumba nachungulia. Mwenye nakala ya 14 aseme bei. Na anayebisha niliyoyasema kuhusu Hollywood aandike, kurasa zipo.